Samaki wa mapambo: Chagua wa maji yako, si wa macho yako

WAFANYABIASHARA wanaovuka Ziwa Tanganyika kila wiki, pamoja na ndugu waliorejea makwao baada ya miaka mingi ya ukimbizi au ya kazi ughaibuni, wamekuwa wakiniuliza swali moja: nina tangi dogo la kioo, niweke samaki gani ambaye hatakufa?

Si swali la mchezo. Zamani tangi la samaki lilikuwa pambo la hoteli kubwa. Siku hizi utalikuta saluni, kwenye duka la simu, kwenye nyumba ya wageni jirani na mpaka, na sebuleni kwa mtu aliyerudi na vioo vyake kutoka Dubai au Ulaya. Mwenye tangi ametoa fedha ambazo zingeingia kwenye biashara. Wiki mbili baadaye samaki wanaelea tumbo juu, watoto wanalia, na baba mwenye nyumba anailaumu pampu.

Nimefuga samaki wa mapambo nyumbani kwangu Kigoma kwa miaka mingi. Nimeona matangi ya majirani yakistawi na mengine yakifa, na mara nyingi kilichoyatofautisha ni uchaguzi wa samaki uliofanyika siku ya kwanza. Watu wengi huchagua kwa macho. Ni vizuri kuchagua kwa maji na nafasi uliyonayo, kisha macho yafuate.

Pima tangi kabla ya kwenda kununua

Chukua futi. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Utapata lita. Tangi ambalo wengi wanalo lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hilo ni lita 54. Ukiweka mchanga na mawe, na kuacha nafasi kidogo juu, unabaki na maji ya lita 45 hivi.

Lita 45 ni ndoo mbili na kitu. Samaki anakula humo, anajisaidia humo, na anapumua humo humo. Kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Ziwani maji ni mengi na sumu hiyo inapotea. Ndani ya kioo haina pa kwenda, isipokuwa igeuzwe na bakteria wema wanaoota kwenye chujio na mchangani.

Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na tangi. Huchukua kati ya wiki nne na sita kuzaliana vya kutosha. Ndiyo maana samaki wengi hufa wiki ya pili au ya tatu, wakati mwenye nyumba anaona maji yake ni meupe kabisa. Anza na samaki wachache, walishe kidogo, badilisha robo ya maji kila wiki, na subiri. Haraka haraka haina baraka, na kwenye tangi la samaki methali hiyo utaiona kwa macho.

'Hawakui, mama'

Mama mmoja wa Uvira anayefanya biashara ya vitenge alinunua samaki wa dhahabu wanane katika safari zake. Muuzaji alimwambia, "Hawa hawakui, mama, wanafuata ukubwa wa tangi." Aliwaweka wote wanane kwenye tangi la lita 50. Baada ya mwezi alikuwa na wawili.

Maneno hayo ya muuzaji utayasikia katika miji mingi, na si kweli. Samaki wa dhahabu ni wa jamii ya kapu. Akitunzwa vizuri hupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Anayebaki mdogo kwenye tangi dogo amedumaa kwa maji machafu, kama mtoto anavyodumaa kwa njaa. Isitoshe, samaki huyu hupenda maji ya baridi kuliko ya kwetu pwani ya ziwa, na hujisaidia sana. Hafai tangi dogo, hata kama ndiye anayeuzwa kila mahali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Muulize samaki huyu akikomaa anafika sentimita ngapi. Asipojua, ahirisha ununuzi.

Maji ambayo Wazungu huyatengeneza kwa chumvi

Sisi tunaoishi kandokando ya Tanganyika tuna bahati ambayo wengi hatuijui. Ziwa hili, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita 1,470 hivi, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa perege na sato, ambao wataalamu huwaita siklidi. Karibu wote hawapatikani popote pengine duniani.

Wafugaji wa Ujerumani, Japani na Marekani huwatafuta samaki hawa kwa fedha nyingi. Kutoka Bujumbura, Mbelgiji Pierre Brichard alianza kuwasafirisha kwa ndege mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa ziwa hili. Baadaye biashara hiyo ilifanywa pia Kigoma na Mpulungu, Zambia.

Mfugaji wa Ulaya hupata taabu, kwa sababu maji ya ziwa letu ni magumu, yana madini mengi, na uchachu wake uko mbali na wa mito mingi. Kipimo cha pH hufika karibu 9. Analazimika kununua chumvi maalumu na kuweka hita ili maji yake yafanane na ya kwetu. Wewe uliyeko Kigoma au Bujumbura unafungua bomba, na maji yenyewe yametolewa ziwani.

Kazi yako ni kuondoa klorini tu. Kinga maji kwenye ndoo pana, yaache wazi saa 24, mahali penye hewa. Joto la digrii 24 hadi 27 wanalolitaka samaki hawa ndilo la sebuleni kwako sehemu kubwa ya mwaka.

Hata hivyo kuna tahadhari. Katika maji ya aina hii amonia huwa kali zaidi kuliko katika maji laini. Tangi lililojazwa samaki kupita kiasi hapa kwetu huua upesi.

Wadogo wa kwenye magamba

Katika samaki wote wa ziwa, wanaofaa tangi la lita 54 kuliko wengine ni wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Chini ya ziwa, kwenye mchanga, kuna maeneo yaliyojaa magamba matupu ya konokono mkubwa ambaye wataalamu humwita Neothauma. Maji yenye chokaa huyafanya magamba hayo yadumu muda mrefu, na samaki wadogo wameyageuza vijiji.

Wa kwanza ni Neolamprologus multifasciatus, mwenye mistari myembamba kama nguo ya jela. Dume hufika sentimita nne na nusu hivi, jike tatu. Ni miongoni mwa siklidi wadogo kuliko wote duniani. Asili yake ni upande wa kusini wa ziwa, na ana ndugu anayefanana naye sana, Neolamprologus similis. Samaki hawa huishi kama ukoo. Kila mmoja ana gamba lake, watoto hukulia hapo hapo, na wakubwa hawawafukuzi. Ukianza na sita, baada ya mwaka unaweza kuwa na kijiji kizima bila kununua hata mmoja.

Wa pili ni Lamprologus ocellatus, mwenye doa linalong'aa kwenye shavu la mfuniko wa matamvua. Dume hufika sentimita sita hivi. Huyu ni mkali. Anazika gamba lake mchangani na kuacha mdomo wake tu wazi, kisha analilinda. Ukiingiza mkono kusafisha kioo atakuja kuuma kidole chako, ingawa hana uwezo wa kukuumiza. Kwa lita 54 weka dume mmoja na majike wawili, na hakikisha magamba yametengana.

Wa tatu ni Neolamprologus brevis. Sifa yake ni kwamba dume na jike huweza kuingia gamba moja, kwa hiyo jozi haihitaji nafasi kubwa. Ni mpole kuliko ocellatus, na anawafaa wenye watoto wanaopenda kukaa karibu na kioo.

Chagua aina moja kati ya hizo tatu. Ukizichanganya kwenye tangi dogo, utakuwa umeweka koo tatu zenye ugomvi wa mashamba kwenye kiwanja kimoja.

Matayarisho yake ni mepesi. Weka mchanga mlaini wa kina cha sentimita tano, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, maana samaki hawa huchimba kwa mdomo usiku na mchana. Weka magamba mawili au matatu kwa kila samaki. Ukikosa ya ziwani, gamba la konokono wa nchi kavu linafaa, mradi mdomo wake ni mpana kumpitisha na si mpana mno. Ulaya hutumia magamba ya konokono wanaoliwa mezani. Yote yachemshwe kwanza.

Chakula kisikupe shida. Dagaa mkavu asiyetiwa chumvi, akisagwa kuwa unga, hufaa mara chache kwa wiki, kwa kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili. Viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo safi ya mvua ni karamu kwao. Toa vinavyotosha kuliwa ndani ya dakika chache, usije ukafuga mbu badala ya samaki.

Wazuri wasiokufaa

Mzee mmoja aliyerejea Rumonge baada ya kukaa kambini mkoani Kigoma kwa zaidi ya miaka kumi amefungua kibanda cha kuchaji simu. Alitaka tangi ili wateja wanaosubiri wawe na kitu cha kutazama. Mvuvi alimletea watoto wanne wa Cyphotilapia frontosa, wale wenye mistari mipana myeusi na buluu, na nundu kichwani wakikomaa.

"Hawa, mwanangu, mtu akiwaona haondoki," aliniambia.

Nilimjibu kwamba ni kweli, lakini samaki hao hupita sentimita 30 na kuishi miaka mingi, na kwa asili hukaa kwenye kina kirefu. Tangi lake lilikuwa na urefu wa sentimita 60. Samaki angekuwa nusu ya nyumba yake. Mzee alifikiri kidogo, akasema, "Basi ni kama kumweka mtu kwenye hema miaka yote." Aliwarudishia mvuvi siku hiyo hiyo, wakiwa wazima, akachukua ocellatus watatu. Nilipopita tena, wateja wa simu walikuwa wamebishana kuhusu jina la dume.

Tropheus naye ni mtego. Ana rangi za kuvutia, na kila mwambao wa ziwa una rangi yake. Lakini anakula mwani wa kwenye mawe, na ukimlisha dagaa na vyakula vya nyama tumbo lake huvimba na kufa. Ni mgomvi pia. Wafugaji wazoefu humweka kwa makundi ya kumi na zaidi, kwenye matangi ya lita mia kadhaa.

Neolamprologus brichardi, ambaye wauzaji wa ng'ambo humwita binti mfalme wa Burundi, ni mdogo na mzuri, na watoto wa uzao wa kwanza huwasaidia wazazi kuwalinda wadogo zao. Tatizo ni kwamba ukoo ukishakua, hufukuza kila mgeni mpaka kwenye kona. Tangi la lita 54 hujaa upesi. Mchukue ikiwa tu una pa kuwapeleka watoto wake.

Kuhe mchanga, anayeonekana mtulivu kwenye ndoo ya mvuvi, ni miongoni mwa siklidi wakubwa kuliko wote duniani. Na dagaa hai usimguse kabisa. Ni samaki wa maji ya wazi, wa makundi makubwa, na akishikwa tu magamba hutoka na kufa.

Walioko mbali na ziwa

Wasomaji wa Kasulu, Ngara, Gitega na Bururi maji yao si ya ziwani, na mengi ni laini. Usiku baridi huingia ndani. Kuwapeleka samaki wa magamba huko inawezekana, lakini utahitaji chokaa ndani ya tangi, kwa mfano mchanga wa makombe ya baharini, na hita isiyozimika.

Kwa mwenye maji laini na umeme wa kukatika, namshauri samaki mpiganaji wa Asia, anayeuzwa kwa jina la beta. Huyu ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo pampu ikizimika hakosi pumzi. Lita 20 zinamtosha. Sharti ni moja: dume mmoja tu kwa tangi, maana wawili watapigana mpaka mmoja afe. Naye anataka joto, kwa hiyo nyanda za juu tangi lake likae mbali na dirisha na liwe na hita umeme unapopatikana.

Gapi ni wepesi pia, hasa kwenye maji magumu. Huzaa watoto hai karibu kila mwezi. Mfanyabiashara mwenye nafasi ndogo anunue madume peke yao. Ndio wenye mikia ya rangi, na hawatamjazia tangi.

Umeme ukikatika, usilishe samaki wa aina yoyote. Chota maji kwa kikombe, yamimine tena kutoka juu, rudia kwa dakika chache kila baada ya muda. Tangi lenye samaki wachache huvumilia saa nyingi. Lililojaa halivumilii.

Konokono hai na kichocho

Wengine hupenda kuokota konokono hai kwenye kidimbwi au ufukweni ili wasafishe kioo. Tafadhali, usifanye hivyo. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwenye konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu anayetia mkono majini. Mtoto anayecheza na maji ya tangi yuko hatarini sawa na anayeoga kidimbwini.

Kama unachota maji ziwani kwa ndoo, yachuje kwa kitambaa, hakikisha hayana konokono, na yaache yakae siku mbili kamili kabla ya kuyatumia. Bila konokono, vijidudu hivyo hufa ndani ya muda huo. Kioo kisafishe kwa kitambaa. Ni kazi ya dakika tano.

Mpaka una sheria, na ziwa lina wenyewe

Sasa nizungumze na wenye boti na mizigo. Samaki hai si sawa na dumu la mawese. Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na nchi jirani zina za kwao. Kumtoa samaki hai nje kunahitaji kibali cha ofisi ya uvuvi na hati ya afya. Maji ya Hifadhi ya Mahale hayavuliwi kiholela. Pita ofisini kabla ya kupakia, uulize, upate karatasi. Mzigo ukizuiwa mpakani, samaki hawasubiri mpaka kesho ofisi ifunguliwe.

Ukipata kibali, wasilishwe siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ufungwe ndani ya kikapu au boksi lenye kivuli. Ukifika, uelee juu ya maji ya tangi kwa nusu saa, kisha changanya maji taratibu.

La mwisho ni zito kuliko yote. Ukichoka na samaki wako, usimmwage ziwani wala mtoni. Sangara alipowekwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka. Kamba wa Marekani walioletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 walienea wakala majani ya majini. Kamba wa Australia waliotoroka mabwawa ya ufugaji Zambia wako Kariba na Mto Kafue. Gapi, beta au kamba wa rangi kutoka Dubai anaweza kuleta ugonjwa au kizazi ambacho hakuna wa kukivua.

Hata samaki wa ziwa hili hili ana kwao. Tropheus wa mwambao wa Kongo akimwagwa Kigoma atachanganya damu na wa hapa, na rangi iliyochukua maelfu ya miaka itapotea. Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003. Lakini mkataba hauoni ndoo ya mtu anayemwaga samaki gizani. Mpe jirani, mpe mwalimu wa shule iliyo karibu, au mrudishie aliyekuuzia.

Kwa yule mwenye tangi la sentimita 60 anayesubiri jibu fupi, hili hapa: mchanga wa sentimita tano, magamba kumi na tano yaliyochemshwa, chujio moja dogo, na multifasciatus sita. Usiongeze mwingine. Kaa nao miezi mitatu, na asubuhi moja utaona vichwa vidogo, vyembamba kama ncha ya kiberiti, vikichungulia kwenye mlango wa gamba.